Mnyonya Damu Aliyeombewa Kanisani

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpachika meno Harlan Pruitt, miaka sita, kila asubuhi ya kazi, kwa hiyo asije mtu hapa Tallow Creek akanieleza habari za Harlan. Meno yenyewe yalikuwa mawili, yamechongwa kwa kipimo cha kinywa chake, na yakishakaa hanywi hata kahawa ila kwa mrija.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mifereji ya mapaa. Watu wa televisheni walipokuja kwetu Georgia kurekodi tamthilia yao ya wanyonya damu, walitafuta mtu mrefu, mkavu, atokee dirishani mara moja, amng'ate msichana, auawe. Harlan akaenda na buti zake za kazini. Alivyomtazama yule msichana, hata wapiga picha walisahau kuzima kamera. Wakamwacha hai kipindi kile, na kilichofuata, na msimu ulipokwisha Balthasar Crane, ndilo jina walilompa humo, ndiye aliyekuwa mbaya wa tamthilia nzima. Aliua meya. Aliua mapacha. Alimnyonya mchumba wake mwenyewe siku ya harusi, na wiki ile wanawake walitoka Ohio kuja kusimama nje ya nyumba ya Harlan na maua. Ohio!

Mtu mmoja tu alikataa kumtazama, naye ni mama yake mzazi.

Bi Odessa Pruitt ana miaka themanini na moja na hukaa benchi la pili kutoka mbele katika kanisa letu la Kibaptisti. Mwanawe alimnunulia televisheni kubwa kama mlango. Yeye akaifunika kwa kitambaa cha meza, akasimamisha mbele yake picha ya marehemu mumewe.

"Mama, ni kazi tu," Harlan alikuwa akimwambia. "Ile damu ni sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi."

"Na wale watu unaowaua?"

"Wanaamka, Mama. Mchana tunakula nao."

"Sikukuzaa uje ung'ate watu, Harlan. Baba yako alikuwa shemasi."

Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na alichotaka duniani ni neno moja kutoka kwa yule bibi, kwamba amefanya vizuri. Basi. Nikimpaka unga mweupe usoni, hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yake kila siku. "Bi Verlene, je, akifa hajaniona hata mara moja?"

Msimu wa tano ulipokwisha tukafanya karamu ya kufunga kazi. Akaninong'oneza kwamba anamwendea mwandishi mkuu, Bi Kranz, amwombe amfanye Balthasar atubu, labda mama yake atakubali kutazama.

"Una wazimu wewe?" nikamwambia. "Ubaya ndio unaokuweka hai. Umeona wapi mnyonya damu akatubu akamaliza msimu? Akishapata roho nzuri wanamtafutia jambo la kufia."

"Mimi wataniacha. Watu wananipenda."

"Ndiyo maana watakuua! Machozi yanauza."

"Bi Verlene, wewe huna imani."

"Mungu namwamini. Waandishi siwaamini."

Nilimwonya hadi mate yakanikauka, lakini masikio yalikuwa na pamba. Akaenda. Bi Kranz akamkumbatia, akasema ni wazo zuri mno. Nilipoona lile kumbatio nikajua kwisha habari yake.

Msimu wa sita ukaanza, Balthasar akaingia katika kanisa bovu, akashindwa kumng'ata mlinzi, akalia. Harlan akamsihi mama yake atazame kipindi kimoja tu. Bi Odessa akakiondoa kitambaa, akatazama akiwa amesimama, mkoba begani, tayari kutoka. Kabla ya nusu alikuwa ameketi.

Sasa sikilizeni. Jumatano kwenye chakula cha maombi pale kanisani, kila mtu na kuku wake sahanini, mchungaji akauliza nani aongezwe kwenye orodha ya maombi, ile inayochapwa nyuma ya karatasi ya ibada, ya wenye saratani na waliovunjika nyonga. Bi Odessa akasimama.

"Balthasar Crane," akasema. "Anapigana na nafsi yake."

Nilidhani watu watacheka. Nani acheke! Nusu yao walikuwa wakiitazama tamthilia kwa siri miaka yote, wanafiki wakubwa. Mchungaji akaandika. Tangu wiki ile jina la mnyonya damu likachapwa kati ya Dewey Hobbs, figo, na Lottie Mayhew, goti. Harlan akakikata kipande kile cha karatasi, akakibandika kwenye kioo changu cha kazi.

"Umeona, Bi Verlene? Ananiombea."

Ilinishinda kumwambia kwamba anayeombewa si yeye.

Waigizaji wote hapa wana mazoea yao. Skripti ikija husomi mwanzo. Unafungua ukurasa wa mwisho uone kama u hai. Skripti ya mwisho ilipokuja, Harlan hakufungua nyuma. Alikuwa na hakika yake. Aliisoma kwa mpangilio, kwenye kiti changu, nami nikimwona kiooni alipofika pale jua linapochomoza na Balthasar anazuia mlango ili watu wa mji wakimbie, kisha anageuka majivu. Alifungua kinywa nimpachike meno.

Siku kipindi hicho kilipoonyeshwa tulikuwa watatu sebuleni kwa Bi Odessa. Balthasar alipoanza kuungua, yule bibi akapiga magoti juu ya zulia, analia kwa furaha.

"Ameokoka! Bwana asifiwe, ameokoka!"

Harlan akamshika mkono amwinue. "Mama. Nilifanya vizuri?"

Akamtazama kama mtu aliyekatiziwa sala.

"Wewe? Wewe umefanya nini, mwanangu? Ni Mungu aliyefanya."

Nilitamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Harlan alimkalisha kitini, akamfunika miguu, akaenda jikoni akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Msimu wa saba wakamfufua Balthasar, mbaya kuliko mwanzo, sasa anaigizwa na kijana wa miaka ishirini na sita kutoka California. Mimi ndiye ninayempachika meno. Ndiyo, mimi, nami nina tumbo la kulisha. Bi Odessa amerudisha kitambaa chake, anasema yule ni tapeli, Balthasar wa kweli yuko mbinguni. Harlan amerudi kwenye ngazi, anazibua mifereji ya watu. Ukimsalimu anaitikia kwa kichwa. Amekonda, na kahawa yangu haji tena kuinywa.

Jumatano iliyopita mchungaji akauliza majina. La Balthasar lilishafutwa, na mahali pake pamechapwa shukrani kwa maombi yaliyojibiwa. Nikasimama.

"Harlan Pruitt," nikasema.

Bi Odessa akageuka kitini pake, ameudhika kabisa.

"Harlan ana nini?" akasema. "Mwacheni Harlan. Yeye hajambo."

Mchungaji akaiweka kalamu chini, hajaandika kitu.