Zamu ya Ijumaa Saa Moja

Jengo letu hapa Kuopio limejaa watu wasiosemeshana kwenye ngazi, lakini Aulis Hietaharju alituzidi wote. Akisikia jirani anafungua mlango, husubiri ndani mpaka apite. Mke hana, kazi yake ya kompyuta anaifanyia jikoni, kahawa anainywa amesimama. Mtu aliyekuwa akizungumza naye ana kwa ana alikuwa mmoja tu, mzee Rautio wa ghorofa ya tatu, kwa sababu zamu ya Rautio kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke kilicho chini ya jengo, ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na ya Aulis ilikuwa saa moja. Kwenye benchi ya kuvulia nguo, mmoja anavaa soksi, mwingine anavua. Wanasema mawili matatu juu ya barafu ya ziwa, basi. Aulis aliwahi kuniandikia kwenye simu kwamba wiki nzima huwa anaingoja benchi ile.

Zamu zote zilikaa kwenye mfumo alioutengeneza yeye bila malipo, na ndio unaofungua mlango wa sauna. Hifadhidata yake iko kwenye mashine ya kukodi, huko wanakoita mawinguni, na huweka kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda tu ili iwe na kasi. Mashine ikizimwa, vyote vinapotea, isipokuwa umeiagiza iwe inaandika diskini. Aulis hakuiagiza. Alisema ni ya majaribio, na majaribio yakaenda miaka. Kasi ya nini kwa watu wanaooga zamu moja kwa wiki, mimi sijui.

Februari wenye mashine wakaizima na kuiwasha upya. Jioni hiyo Bi Kuoppala akapanda mpaka mlangoni kwa Aulis, taulo begani.

"We Aulis, mlango wako umenikatalia. Nimesimama pale kama mwizi."

"Zamu zimefutika."

"Zote?"

"Zote."

"Haya, ziandike tena, mwanangu. Mimi Jumatano saa kumi na moja, tangu marehemu yu hai."

Kamati ya jengo ikaamua kila mtu aombe upya, anayewahi apewe, na Aulis aandike. Ningekuwa mimi, ningejiandika kabla tangazo halijabandikwa. Yeye aliona haya: mwenye kosa atajipakulia vipi wa kwanza? Akajiweka mwisho. Familia ya Lehtisaari, wageni wa ghorofa ya tano, wakaomba Ijumaa saa moja. Aliniandikia kwamba aliliangalia ombi lile muda mrefu, kisha akawapa. Iliyombakia ilikuwa Jumanne.

Halafu akafanya alichokwepa miaka yote. Akaiagiza hifadhidata iandike kila badiliko diskini, na kila saa itoe nakala nzima ikakae mahali pengine. Ili kuijaribu, akaizima mashine kwa makusudi. Ilipowaka, zamu zote zilikuwepo, haikupungua hata herufi. Ijumaa saa moja: Lehtisaari. Hiyo sasa haipotei tena, hata mashine iungue. Nilimwonea huruma, na nilitamani kumzaba kibao.

Ijumaa iliyofuata tuliingia naye kwenye lifti tukitokea nje, tukamkuta mzee Rautio anapanda kutoka sauna, mwekundu, nywele mbichi.

"Hukuja," Rautio akamwambia.

"Zamu yangu imehamia Jumanne."

"Jumanne nalala kwa binti yangu."

"Ahaa."

Lifti ikapanda. Mimi nilijifanya nasoma tangazo la kusafisha mabomba. Ghorofa ya tatu mlango ukafunguka, lakini mzee hakutoka mara moja.

"Hivi wewe unaitwa nani?"

"Aulis."

"Aulis." Akatikisa kichwa taratibu, akatoka, akageuka. "Mimi Ensio."

"Najua," Aulis akajibu, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga.