Kanga Iliyorudishwa Ndani

Nilipokuwa mtoto, mwaka niliokuwa darasa la tatu, nyumba yetu ya kijijini Qurus, Karatu, ilifungwa ingawa mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa. Mama alikuwa amefariki kwa homa, akamwacha mdogo wangu Tluway hajatimiza hata miezi mitatu. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo ilikuwa inatengwa kwa muda. Tunaiita desturi hiyo metimani. Jirani haingii kwako, wala wewe huendi kwake. Huombi moto, huazimi sufuria, hukatishi shamba la mtu, na ng'ombe wako hawanywi pamoja na ng'ombe wa wenzako. Siku hizi kanisa na shule vimeilegeza desturi hiyo, na vijana wakisimuliwa hucheka. Mimi sicheki, wala sisemi irudi. Nadhani watu walioishi mbali na dawa walijaribu kulizungushia ua lile ambalo hawakuweza kulitibu.

Ndani ya ua huo tulikuwa wanne: Baba, Tluway, mimi, na mama yake Baba, tuliyemwita Aama, yaani bibi.

Tulipotoka makaburini, kabla hata hajakaa, Aama alikusanya vitu vyote vya Mama. Vitenge, kanga aliyokuwa akijifunika wakati wa kunyonyesha, kitana, kibuyu chake cha mtindi. Akavitia katika gunia, akalifunga mdomo, akamwagiza Baba alitundike kwenye ghala la mahindi, nje. Akapiga marufuku pia kijiti cha mzeituni wa porini, kile tunachochoma ili kufukiza kibuyu, maana Mama alinukia moshi huo siku zote. Na jina la Mama lisitajwe.

"Mama aliyekufa akinyonyesha hasahau," alinieleza. "Ziwa linamuuma hata huko aliko. Ikifika saa ya kunyonyesha anarudi. Akiikuta harufu yake ndani, anaijua njia. Anaingia, anamchukua mwanawe."

Sijui kama Wairaqw wote waliamini hivyo au ilikuwa imani ya Aama peke yake. Baadaye nimewauliza wazee wa Qurus na wa Baray. Mmoja alisema ndiyo, mwingine alisema bibi yangu alikuwa na mambo yake. Wakati ule sikumuuliza mtu. Nilifagia pembe za nyumba hadi vumbi jekundu likaniingia kooni, nikitafuta unywele wa Mama nikautupe nje.

Baba alizunguka kwa njia ya korongoni, asikutane na watu, akaenda Karatu mjini. Mwenye duka mmoja, Mwislamu asiyeijua desturi yetu, au labda aliijua akaamua kuipuuza, akampa mkono wa pole na maziwa ya kopo na chupa yenye chuchu ya mpira. Baba alirudi ameikumbatia ile chupa ndani ya koti kana kwamba ni kifaranga.

Tluway hakuitaka.

Naandika hivyo kwa maneno mawili, lakini yeyote aliyewahi kumlisha mtoto anayekataa chupa anajua maneno hayo yamebeba nini. Alikuwa na njaa, hilo lilionekana. Chuchu ikimgusa mdomo aliidaka kwa pupa, akavuta mara moja, mara mbili, kisha mwili wake wote ukakakamaa. Alijipinda mgongo kama upinde, akatupa kichwa nyuma, akakunja ngumi na kulia hadi sauti ikakwama. Maziwa yalimtiririka shingoni. Baba alimlaza chali mapajani akajaribu tena, naye akapaliwa, akawa mwekundu, akakohoa, akalia zaidi. Nilimwona Baba, mtu aliyekuwa akishika jembe la ng'ombe tangu alfajiri, akishindwa na chupa.

Jambo lililotutisha zaidi ni kwamba kila alipoikataa chupa, Tluway aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Mnaona?" Aama alinong'ona. "Ameshafika. Amesimama pale."

Leo najua watoto wachanga hupenda mwanga, na nyumba yetu ilikuwa na dirisha dogo kama mfuko wa shati. Mwanga wote uliingilia mlangoni. Najua hivyo. Lakini najua pia kwamba nilitazama pale mlangoni nikaona mahali ambapo Mama alikuwa akikaa, juu ya kigoda, mgongo umeegemea mwimo, akimnyonyesha huku akiniambia nichambue mbaazi. Kigoda hakikuwapo. Mahali pake palikuwapo.

Majirani hawakuweza kuingia, lakini hakuna desturi inayomzuia mtu kupaza sauti. Walisimama njiani, nyuma ya ua wa minyaa, wakatulisha ushauri badala ya chakula.

"Mcheulisheni!" alipiga kelele Mama Fausta, rafiki wa Mama, mwenye sauti ya kuuza vitunguu mnadani. "Hewa imemjaa tumboni huyo! Mwekeni begani!"

"Tumemcheulisha!" Aama alijibu kutoka ndani.

"Basi mmemcheulisha vibaya!"

Mzee Safari, jirani wa upande wa juu, aliegemea fimbo yake. "Chovya kidole kwenye maziwa, mama. Ndama akikataa ndoo tunampa kidole kwanza."

"Huyu si ndama, Mzee!" alifoka Mama Fausta.

"Ndama ana mdomo, mtoto ana mdomo."

"Na wewe una mdomo, ungeufunga!"

Nilicheka. Ndiyo kicheko pekee ninachokikumbuka katika siku zile, nacho kilinitoka huku machozi yakinitoka. Aama alichovya kidole. Tluway alikinyonya, akatulia. Walipombadilishia chuchu akapiga yowe.

Nesi wa zahanati alikuja kwa miguu. Hakuwa mtu wa kwetu, akaingia ndani moja kwa moja bila kuuliza, na Aama hakumzuia. Alikuwa binti mpole aliyechoka. Alimwinua Tluway, akatuonyesha: "Msimlaze chali. Kichwa kiwe juu. Chupa iinamisheni kidogo tu, maziwa yaje taratibu, yasimjae mdomoni. Akigeuza uso, mwacheni apumue. Msimlazimishe, mtamfanya aiogope." Alijaribu yeye mwenyewe, kwa subira ambayo bado naistahi. Tluway hakupaliwa tena. Alivuta funda kadhaa, tukashika pumzi, kisha akageuka mlangoni na kulia.

Nesi alimgusa utosi kwa ncha za vidole. Akauliza nepi imelowa lini mara ya mwisho. Hakuna aliyekumbuka. Akamwita Baba pembeni, lakini nyumba yetu haikuwa na pembeni, kwa hiyo nilisikia.

"Utosi umebonyea. Kilio chake hakina machozi. Anatakiwa hospitali."

"Gari?" Baba aliuliza.

"Barabara ya huku imekatika kwa mvua, nimetembea mwenyewe. Nimepeleka habari, kesho asubuhi watafika hadi korongoni, mtamvusha kwa miguu. Lakini baba, hadi kesho lazima kitu kiingie. Hata kidogo kidogo, kwa kijiko. Msichoke."

Alienda kuwahi mgonjwa mwingine. Tukajaribu kijiko. Alitema. Mchana ule ukungu ulishuka mapema kutoka upande wa msitu wa Ngorongoro, baridi ikaingia hadi jikoni, na kilio cha Tluway kikaanza kupungua. Nilifurahi, nikidhani anatulia. Nikamtazama Aama, nikaona kwamba si jambo la kufurahia.

Nje, Mama Fausta alikuwa bado amesimama. Hakuwa na ushauri tena. Mzee Safari ndiye aliyesema, taratibu, kama mtu anayeongea na fimbo yake:

"Ng'ombe akifiwa na ndama, hateremshi maziwa. Tunamwekea ngozi ya ndama wake, anainusa, anailamba, anaachia. Ng'ombe tunamdanganya kwa ngozi. Huyu mtoto tutamdanganya kwa nini?"

Aama aliinua kichwa. Alikuwa amekamua ng'ombe maisha yake yote. Nadhani alishaifanya kazi hiyo ya ngozi kwa mikono yake mara nyingi kuliko Mzee Safari. Niliona midomo yake ikicheza bila sauti. Kisha akampa Baba mtoto, akatoka akaenda ghalani, na aliporudi alikuwa amebeba gunia.

"Mama, unafanya nini?" Baba alisimama. "Ulisema..."

"Najua nilichosema. Kaa."

Alifungua mdomo wa gunia, na Mama akaingia nyumbani. Sina namna nyingine ya kueleza. Ile harufu ya moshi wa mzeituni, mtindi, mafuta ya nazi na jasho ilitujaza pua, na Baba akafunika uso kwa kiganja. Aama alivua shuka lake, akavaa kitenge cha Mama. Akajitanda ile kanga ya kunyonyeshea, ambayo haikuwa imefuliwa. Akaniambia nilete kigoda, nikiweke mlangoni, mahali pake. Nilikiweka nikakimbilia nyuma ya Baba.

Aama akakaa, mgongo kwenye mwimo. Akampokea Tluway, akamwegemeza nusu ameketi kama nesi alivyoonyesha, akaipitisha chupa chini ya kanga, ikatokea pale ambapo ziwa lingetokea. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa baridi. Nataka hili lieleweke. Kwa imani yake, mwanamke huyu alikuwa ameondoa kizuizi cha mwisho kati ya mjukuu wake na kifo.

Kisha akaongea na ule ukungu uliokuwa mlangoni. Hakuita kwa Kiiraqw. Alitumia Kiswahili, lugha waliyokuwa wakitaniana yeye na mkwewe.

"Paskalina. Nilikufungia mlango, mwanangu. Niliogopa. Sasa ingia. Mnyonyeshe mwanao, ananishinda. Ukimaliza niachie mimi. Na kama ni lazima uondoke na mtu, mimi niko hapa, nimeshazeeka, sitakusumbua njiani."

Tluway alijipinda, akakunja ngumi. Uso wake ukazama ndani ya kanga. Nilimwona akitulia, pua ikifanya kazi, kama ndama hasa, Mama Fausta anisamehe. Mdomo ukatafuta, ukaipata chuchu. Akavuta. Akaacha. Aama hakumlazimisha; alisubiri, akipumua polepole, akimtikisa kidogo tu kwa goti. Tluway akavuta tena, na safari hii nilisikia funda likishuka, na lingine, na lingine. Macho yake hayakutafuta mlango. Alikuwa ndani ya mlango.

"Amekunywa?" sauti ya Mama Fausta ilitoka kwenye ukungu, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

Tuliogopa kupumua.

Asubuhi gari lilifika korongoni, likawachukua Tluway na Aama, wakakaa hospitali muda, Aama akiwa amejitanda kanga ileile na kuwakataza katakata manesi wasiifue. Tluway akarudi ana mashavu. Siku metimani ilipoondolewa, Mama Fausta aliingia kwa kishindo, akamnyakua mtoto, akasema, "Kumbe ulikuwa unataka fasheni ya kanga tu!" Aama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Akikasirika na magoti yake alikuwa akisema, "Nilijitolea kuondoka, Paskalina akanikataa. Alijua nitamsema njia nzima." Tulicheka. Lakini sikuwahi kumsikia akisema kwamba siku ile hapakuwa na mtu mlangoni.

Nimesoma mengi tangu wakati huo. Nimesoma kwamba mtoto mchanga humtambua mama yake kwa harufu, na kwamba chupa itolewapo taratibu, mtoto akiwa ameinuliwa, hapaliwi. Mambo hayo ni kweli. Nesi alikuwa sahihi, Mzee Safari alikuwa sahihi. Hata gunia silichukii tena. Lilifungwa na mtu aliyejaribu kumlinda mtoto kwa alichokijua. Ila kila nikitafakari narudi kwenye ile mikono iliyotetemeka. Kuacha imani ni rahisi kwa asiyeamini. Aama hakuiacha yake. Alimwita ndani yule aliyemwogopa kuliko wote, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa.

Juzi Tluway alinipigia simu. Sasa ni dereva wa watalii, anashusha magari ya wageni kwenye kreta ya Ngorongoro, na mke wake amerudi kazini hotelini baada ya likizo ya uzazi. Nyuma ya sauti yake nilisikia kilio ninachokijua.

"Dada Vero, Paskalina hataki chupa. Tangu mama yake aondoke. Anavuta kidogo, anajipinda, anatazama mlango. Nifanye nini?"

Walimpa mtoto jina la Mama. Nilikuwa nimelizoea, lakini katika sentensi ile nililisikia upya.

"Mwinue, usimlaze chali," nilisema. "Akigeuka mwache apumue. Na hapo chumbani pana kanga ya mke wako? Ambayo haijafuliwa. Jitande."

"Nijitande mimi? Majirani wakiniona?"

"Wakuone."

Alicheka, akaweka simu mezani, nikasikia hatua, nikasikia kigoda kikivutwa. Wakati akihangaika ndipo nilipomsimulia, kwa mara ya kwanza, siku ile ya gunia. Hatukuwahi kumwambia, tulimwambia tu kwamba alilelewa kwa chupa. Sikujua kama ananisikia. Kilio kilipungua, kikakatika, na baada yake ikaja ile sauti ndogo ya kumeza.

Tluway aliichukua simu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ili asimshtue mtoto:

"Kwa hiyo dada, Mama alikuja?"

Nilifikiria yote niliyoyasoma. Nilifikiria mahali pale mlangoni.

"Siku ile chupa ilibaki tupu," nilimwambia.