Wakwe wa Daraja

Fundi wa daraja la kamba za msituni, hapa karibu na Kibua, hugonga kila kamba kwa mpini wa panga, kisha huitegea sikio. Kamba nene zinazobeba watu huziita wakwe, kwa sababu zinaishi pamoja lakini hazipaswi kugusana. Zikigusana husagana mpaka zikatike. Nimesoma miaka mitatu chuo kikuu na sijakutana na neno linalotosha namna hiyo.

Asubuhi moja ya mwaka 1966, mto ukiwa umejaa, jirani yetu Victorine alifika darajani mbio, mtoto mgongoni akiwaka homa. Zahanati iko ng'ambo.

"Ngoja, mama. Wakwe wanagombana pale katikati."

"Papa, nitangoja mutoto akufe?"

"Niache kwanza niwapatanishe."

Fundi alitambaa juu ya maji yaliyonguruma, akalala kifudifudi, na vidole vyake vinene vikazitenga kamba mbili na kuzifunga upya. Fundo lilikuwa bichi, lingeweza kuteleza. Hakurudi. Alilishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Pita, mama. Unikanyage."

Victorine alivua viatu, akamkanyaga mgongoni, akavuka.