Mshale Uliosema George Ameonywa

Umeme umekatika Garsen tangu alfajiri, na Metrine Buya anafanya kazi kwa chaki. Ukuta wa ofisi yake, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, umejaa visanduku na mishale. Anachora, anarudi nyuma, anakunja uso, anafuta kwa kiganja.

Metrine, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, huunda programu za kompyuta. Kazi yake sasa ni kuujenga upya mfumo unaowatumia wakazi wa kando ya mto Tana ujumbe wa simu mafuriko yanapokuja. Masika inakaribia. Shirika linalogharamia kazi hiyo linataka programu. Yeye anataka kuchora kwanza.

"Wananiambia, 'Dada, tumekuajiri uandike programu, si kupaka ukuta,'" anasema. Hacheki.

Michoro hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake. Kisanduku ni hatua, mshale ni njia ya kwenda hatua inayofuata, na umbo la almasi ni swali linalohitaji jibu. Asiyeweza kusoma hata mstari mmoja wa programu anaweza kuusoma mchoro na kusema: hapa mmekosea.

Mfumo wa kwanza haukuchorwa. Kampuni iliyouandika, ambayo imeshavunjwa, iliukabidhi, ikalipwa, ikaondoka. Ndani yake mlikuwa na kosa, na kosa hilo lilimpata kaka yake Metrine.

George Buya alikuwa mkulima wa kijiji cha Ngao, kando ya mto huo. Mahindi yanapokaribia kukomaa, wakulima wa huko huvuka mto kwa mitumbwi na kuhamia mashambani. Hulala juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, wakilinda mazao dhidi ya viboko na nguruwe mwitu. Simu huachwa nyumbani, kwa kuwa ng'ambo hakuna mtandao wala pa kuchaji.

"Simu yake nilikuwa nayo mimi," anasema Everline, mjane wa George, aliyefika leo kuutazama ukuta. "Ujumbe uliingia nikiwa kanisani. Niliporudi nikausoma, nikakimbia mtoni. Maji yalikuwa yameshabeba mitumbwi. Niliita mpaka sauti ikakauka. Ng'ambo kimya."

Mwili ulipatikana mbali, kuelekea Kipini, mto unakoingia baharini. Kwenye kompyuta, jina la George lilikuwa na rangi ya kijani: ameonywa.

Metrine anagonga ukuta. Ameuchora mfumo ule wa zamani ili wote wauone. Kisanduku cha kwanza: Ujumbe umefika kwenye simu. Kisha mshale. Kisanduku cha pili: Mtu ameonywa.

"Uongo wote umekaa kwenye mshale huu," anasema. "Ndani ya programu ulijificha katikati ya maelfu ya mistari. Hapa ukutani, Everline aliuona kabla sijamaliza kuuchora. Aliniuliza, 'Wifi, na nani kavuka mto?'"

Mlangoni anasimama Godana, mfugaji Muorma aliyepoteza nusu ya mifugo yake katika mafuriko yale yale. Anaelekeza fimbo kwenye pembe ya ukuta, penye wanyama wembamba waliochorwa kwa chaki.

"Na hawa mbuzi wenye njaa ni wa nani?"

"Ni ng'ombe wako, mzee Godana."

"Wangu? Basi umeshawamaliza, hujangoja hata mvua."

Wanacheka kidogo. Kisha Godana anasema kambi zake tatu za malishoni hutumia simu moja, na Metrine anachora almasi nyingine.

Simu inalia. Ni Mahmud, meneja wa mradi, na sauti yake inasikika chumba kizima. "Metrine, wafadhili hawalipii picha. Ijumaa nataka kitu cha kubonyeza. Kikikosekana, kazi inakwenda kwa wengine."

"Kaka Mahmud, kosa nikiliona leo nalifuta kwa kiganja. Nikiliona programu ikishakamilika, tunabomoa nusu ya kazi na unailipia mara ya pili. Nikiliona maji yakishafika, tunachimba kaburi."

"Ijumaa," Mahmud anasema, na kukata.

Metrine anafuta chaki kwenye kanga yake. Ijumaa atakwenda na picha ya ukuta huu, na Everline atakaa kando yake. Kama watamnyang'anya kazi, anasema, watamnyang'anya wakimtazama mjane usoni.

Katika mchoro mpya, baina ya vile visanduku viwili pana almasi: Kuna aliyemfikia akamwambia? Mpaka mwenye mtumbwi aliyevuka kumwonya athibitishe, jina halipati rangi ya kijani. Linaandikwa Haijulikani, na kupelekwa haraka kwa wenye boti ya uokoaji.

"Nataka mashine ijue kusema haijui," anasema Metrine.

Everline hajaondoa macho kwenye ule mshale wa zamani.

"Ingesema haijui George yuko wapi," anasema, "labda kuna mtu angekwenda kumtafuta."