Barua Iliyodaiwa Kaburini Birongo

Ni alasiri katika kituo cha kupimia majani chai karibu na soko la Ikonge, Kaunti ya Nyamira. Drusilla Nyamongo anaangika gunia kwenye mizani, anasoma kilo, anaita nambari ya mkulima na kubonyeza mashine ndogo inayoning'inia shingoni mwake. Risiti inatoka. Halafu anatia mkono kwenye mfuko wa aproni, anatoa simu, anaitazama na kuirudisha.

Gunia linalofuata, vivyo hivyo.

"Karani, hiyo simu unaangalia hivyo iko na nini?" anauliza Duke Onyiego, mkulima anayesubiri zamu yake. "Ama umepata mzungu?"

Foleni inaangua kicheko. Drusilla anacheka pia, lakini kicheko chake kinakatika upesi.

"Ni chuo," anasema. "Leo ndio mwisho."

Saa kumi na moja jioni hii, chuo kikuu kimoja kitafunga tovuti yake ya maombi ya shahada ya uzamivu katika usimamizi wa biashara. Drusilla, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, amekwisha kujaza karibu kila kitu. Ameweka vyeti, pendekezo la utafiti, barua ya meneja wake wa kazini, na amelipa ada ya maombi ambayo hairudishwi hata ukilia machozi ya damu. Kimebaki kitu kimoja tu, barua ya mhadhiri aliyewahi kumfundisha, naye alimtaja yule aliyemsimamia alipokuwa akisomea shahada ya uzamili.

Barua hiyo mwombaji haruhusiwi kuishika. Tovuti humtumia mhadhiri ujumbe, naye huingia kwa anwani yake ya chuo na kumwandikia mwanafunzi wake. Asipofanya hivyo, maombi yote hayasomwi. Kwenye simu ya Drusilla, mbele ya jina la mhadhiri wake, kuna neno moja jekundu: Inasubiriwa.

Mhadhiri huyo, Dkt. Cleophas Angwenyi, alizikwa wiki iliyopita nyumbani kwake Birongo.

Wengi hapa Ikonge wameuliza karani wa majani chai anatafuta nini na shahada kubwa kiasi hicho. Wengine huuliza kwa nia njema, wengine kwa kejeli. Jibu lake halina makuu. Kwa miaka kadhaa, akishatoka kituoni, Drusilla alikuwa akienda mjini Kisii kufundisha somo la biashara katika masomo ya jioni ya chuo kimoja. Malipo yalikuja kwa kusuasua, lakini si malipo yaliyompeleka.

"Nikisimama mbele ya darasa, mimi huwa mtu mwingine," anasema huku akifunga mdomo wa gunia. "Hapa ninaitwa karani. Kule wanafunzi walikuwa wananiita mwalimu, na mtu akikosa kuelewa, ananifuata mpaka steji ya matatu aulize tena. Hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa kufanya. Naijua kabisa."

Kisha chuo kikabadilisha utaratibu. Asiye na uzamivu hapewi darasa, isipokuwa yule anayeonyesha kwamba ameanza kuusomea. Drusilla aliambiwa nafasi yake itashikiliwa hadi muhula ujao, na kwamba akikosa barua ya kukubaliwa, darasa litapewa mtu mwingine. Hakuna aliyemfokea. Alielezwa kwa upole, na anasema upole huo ndio uliomkata maini.

Utafiti anaotaka kufanya ameutoa hapa hapa kwenye mizani. Anataka kujua kwa nini mkulima aliye na nambari ya kiwanda huamua kuuza majani yake kwa mangirito, yaani wachuuzi wanaolipa papo hapo vichochoroni, ilhali anajua atakosa bonasi mwisho wa mwaka. Dkt. Angwenyi aliipenda mada hiyo. Alimwambia asiiachie mtu.

Marehemu hakuwa mtu mbaya. Drusilla analirudia hilo mara nyingi, utadhani kuna mtu anambishia. Alikuwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi, moyo mkubwa na mdomo mwepesi wa kuahidi. Mwaka jana pia alikubali kuandika barua hiyo. Kila alipokumbushwa alisema kesho, na kesho ikawa inasogea hadi tovuti ikafungwa. Mwaka huu Drusilla aliamua kumfuata Birongo kwake, akabeba mkungu wa ndizi, akaketi naye uani.

"Aliona haya sana," anakumbuka. "Akanishika mkono mbele ya ndugu yake, akacheka, akaniambia, 'Mwalimu, mimi niko na deni lako. Hata nikifa kabla sijalipa, wewe unidai tu.' Sote tulicheka. Wiki tatu baadaye akalazwa, na hakutoka."

Sasa linafuata jambo ambalo limemfanya Drusilla ajulikane kutoka Birongo hadi Keumbu, na si kwa sifa.

Kwa desturi ya pale, kabla ya jeneza kushushwa, msemaji wa familia husimama mbele ya waombolezaji na kuuliza kama kuna mtu aliyekuwa akimdai marehemu. Mwenye neno hulisema hapo hapo, na familia humjibu mbele ya watu wote. Anayenyamaza huhesabiwa kuwa amesamehe, na haruhusiwi kuja nyuma ya mazishi na madai yake. Kwa kawaida hutokea mtu wa ng'ombe, mtu wa shamba au fundi aliyejenga ukuta.

Siku hiyo alisimama fundi mmoja, akajibiwa. Kisha akasimama Drusilla.

"Sikupanga," anasema. "Niliposikia lile swali, nikasikia sauti yake ikiniambia nimdai. Miguu ikainuka yenyewe. Nikasema, marehemu alikuwa ameniahidi barua ya chuo, na mwenyewe aliita deni."

Kulikuwa na mnong'ono, halafu kicheko nyuma ya hema, halafu mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba hata maiti siku hizi hawaachwi wapumzike. Mjane, Edinah, aliinamisha kichwa. Drusilla anasema angetamani kaburi limmeze yeye kwanza.

Aliyeokoa hali ni kaka mkubwa wa marehemu, mzee Obwocha, mwashi mstaafu, yule yule aliyekuwapo uani siku ya ndizi. Alisema kwa sauti nzito, "Ni kweli. Nilisikia na masikio yangu. Hilo deni ni letu, tutalipa." Mchungaji akaendelea na ibada.

Lakini hasara ilikuwa imekwisha kuingia. Katika hema la wageni alikuwa ameketi mkuu wa idara ya marehemu, aliyewahi kumfundisha Drusilla somo moja. Huyo ndiye mhadhiri pekee aliyebaki wa kumwandikia. Wahadhiri wengine wamehamia vyuo vya mbali, na ujumbe wake hawajaujibu. Angemsubiri mkuu huyo pembeni akamwomba kwa adabu, pengine leo lile neno jekundu lisingekuwapo. Kwenye fomu jina la mhadhiri linaweza kubadilishwa hadi dakika ya mwisho.

Alimwendea baada ya chakula cha mazishi. Mkuu alimsikiliza akiwa ameshika mlango wa gari.

"Aliniuliza, 'Mama, sasa mimi nikikuandikia na nichelewe kidogo, utakuja kunidai nikiwa kwenye sanduku?' Watu wake wakacheka. Akafunga mlango," Drusilla anasimulia. Safari hii yeye hacheki.

Amemwandikia mara kadhaa tangu siku hiyo. Ujumbe unaonyesha umesomwa. Wala hatuwezi kusema mkuu huyo amevunja sheria yoyote, maana hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumkumbuka mwanafunzi wake. Ndivyo milango hii ilivyotengenezwa. Umri wako wote unaweza kuning'inia kwenye kidole cha mtu mmoja, naye akawa na shughuli nyingine.

Foleni ya majani imepungua. Lori la kiwanda limefika na vijana wanapakia. Ndipo anapoonekana mzee akishuka barabarani, amevaa koti la suti na viatu vilivyopakwa rangi, mkononi ana bahasha ya kaki. Ni Obwocha. Ametoka Birongo tangu asubuhi, akapitia Keumbu kupigisha chapa, akapitia ofisi ya chifu kugongesha muhuri.

"Bwairire, tata," Drusilla anamwamkia kwa Kigusii, yaani habari za jioni, baba, akijifuta mikono.

"Bwairire, Mama Valentine," mzee anajibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Tumeleta ile kitu yako."

Anamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Ndani mna karatasi moja. Drusilla anaisoma akiwa amesimama, kisha anampa mwandishi wa habari hii.

"Sisi familia ya marehemu Cleophas Angwenyi," barua inasema, "tunathibitisha kwamba marehemu aliahidi kumwandikia Drusilla Nyamongo. Marehemu alimsifu nyumbani kwetu mara nyingi, akasema huyu mama ana akili na hachoki. Hakuwa na nafasi ya kuandika, lakini maneno yake tunayajua. Tunaomba chuo kimpokee kama vile yeye angekuwa amesema mwenyewe." Chini kuna sahihi ya mjane, za ndugu wawili, na muhuri wa chifu.

Mwandishi amewahi kuona barua nyingi za mapendekezo. Nyingi ni za kunakili, jina la mwanafunzi limebadilishwa tu. Hii ni ya kweli, na hii ndiyo ambayo tovuti haina mahali pa kuipokea.

Drusilla anajua. Anatoa simu, anaitazama. Zimebaki dakika chache. Neno jekundu liko pale pale.

"Sasa," Obwocha anasema, na wakulima waliobaki wanasogea kusikiliza, "sisi pale kwetu tumekaa vibaya tangu siku ile. Edinah halali. Anaona kama bwana yake amelala na kitu ya mtu. Kwa hivyo sema mbele ya hawa watu. Hiyo deni imeisha?"

Duke ameacha utani. Hakuna anayepakia.

Drusilla anaikunja barua taratibu, anairudisha kwenye bahasha.

"Imeisha, tata," anasema. "Mwambie Mama alale. Angwenyi hana deni langu."

Mzee anashusha pumzi, anamshika mkono kwa muda mrefu. Anauliza chuo kinafunguliwa lini. Drusilla anamjibu kuwa ni Septemba. Mzee anasema siku ya kuvaa joho wasisahauliwe, familia nzima itakuja na gari la kukodi.

"Nitawaita, tata. Mtakaa mbele."

Obwocha anapanda barabara kurudi Birongo, hatua zake nyepesi kuliko alivyokuja. Lori linaondoka. Drusilla anaketi kwenye rundo la magunia matupu, na kwa mara ya kwanza tangu mchana anaacha simu ilie bila kuitazama. Anapoitazama hatimaye, ni ujumbe wa kampuni ya simu. Kwenye tovuti, neno jekundu limeondoka, na mahali pake pameandikwa kwamba maombi yamefungwa.

Analia, bila kujificha. Hakuna wa kumwambia anyamaze.

Anapoulizwa kwa nini hakumwambia mzee ukweli, anaitazama barabara aliyopanda Obwocha.

"Wamelipa walichokuwa nacho. Ningewaambia nini, kwamba tovuti haijui chifu? Ile darasa yangu imeenda, hilo najua. Uchungu wake nitaubeba mimi."

Mpango wake sasa ni kujiandikisha kwa kozi moja tu katika chuo chochote kitakachompokea, akae mstari wa mbele, aulize maswali hadi mwalimu mmoja ajue jina lake. Tovuti itakapofunguliwa tena mwakani, atakuwa na wa kumwandikia. Haamini sana kwamba itawezekana. Anasema hivyo waziwazi. Ada ya maombi ni ile ile, na hajui nguvu za kuanza upya zitatoka wapi.

"Lakini nimeahidi mzee joho, mbele ya watu," anasema, akijifuta uso kwa aproni na kuinuka kufunika mizani. "Sasa mwenye deni ni mimi."