Kadi ya Jino Niliyoiuza

Kisa hiki kimenigharimu shilingi mia tisa, jino moja na heshima yangu sokoni Nyakoe. Nimehesabu mara mbili.

Daktari wa meno mjini Kisii alitoboa jino langu, akatia dawa inayonukia karafuu hadi mzizini, akaliziba. "Urudi mara mbili niibadilishe," akasema. "Maumivu yataisha leo, lakini uozo bado umo." Nikalipia mara zote tatu, shilingi mia tisa, akanipa kadi ya kurudi.

Kesho yake nilitafuna mahindi ya kuchoma kwa jino lilelile. Nikajiona nimepona, na daktari ni mchuuzi mwenzangu tu. Nikamuuzia kadi Mama Kerubo, muuza ndizi aliyekuwa akiugua jino.

Siku ya kurudi ilipofika, shavu langu lilikuwa limevimba kama boga. Nikakimbilia Kisii niinunue tena kadi kabla Mama Kerubo hajaitumia. Nikamkuta tayari yuko kitini, daktari akitafuta tundu alilotoboa.

"Mama, kadi hii ni ya mwanamume," daktari akasema.

Mama Kerubo akaninyooshea kidole mlangoni. "Mwenyewe yule, mwenye mashavu mawili upande mmoja!"

Jino langu liling'olewa. Sasa mama huyo anadai pesa zake mbele ya wateja wangu. Wasomaji, nishaurini: nimrudishie zote, au nikate kidogo, kwa kuwa kiti alikikalia?