Yakikauka Nitakuja

Kigwa nzima inajua matobolwa ya Pelagia, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Asiyejua kupika huachwa apumzike kivulini. Anayejua hugeuzwa mtambo.

Viazi vitamu vikichimbwa mwezi wa sita, Pelagia huviacha juani na maganda yake siku nne, mpaka vinyauke na sukari ipande. Ndipo huvichemsha, huvimenya, huvikata vipande na kuvianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, vikauke viwe matobolwa, ya kutafunwa na chai mwaka mzima. Wenye haraka hurukia kuchemsha vikiwa vibichi, halafu wanashangaa mbona havina ladha. Yeye hakuwa na haraka, na kila msimu ndoo zake zilipanda treni kwenda Dodoma, Morogoro, hata Dar es Salaam kwa watu asiowajua sura. Ndoo zilisafiri. Mwenyewe, kwa miaka arobaini na tisa, hakuwahi kuvuka mpaka wa mkoa wa Tabora.

Angetokaje? Kilichoanikwa hulindwa, kuku wasikidonoe, mbuzi wasikile, umande usikiguse. Matobolwa yakiisha huja michembe, viazi vinavyoanikwa vibichi, halafu majani ya kunde, na mvua zikianza ni uyoga. Kila alipoalikwa mahali alikuwa na jibu moja.

"Yakikauka nitakuja."

Mwaka huu alitaka kwenda kweli. Binti yake Julieth, aliyeolewa Morogoro, alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya mwaka jana ilikuwa imetoka, naye yuko peke yake chumbani, mume kazini, mama yake Kigwa akifukuza kuku. Sasa alipiga simu, na sauti haikuwa ya kudeka.

"Mama, safari hii usinitumie ndoo. Njoo wewe."

Nikolaus, mume wa Pelagia, alikuwa porini akirina asali. Kabla ya kuondoka alisema, "Mama akikubali, nenda." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mizinga yako huko msituni. Mama yake, Bibi Sikuzani, hakukubali. Recheli, mke wa shemeji, anakaa nyumba ya pili na alikuwa tayari kumtunza, lakini Bibi alitikisa kichwa.

"Recheli hana mkono. Chakula chake hakipiti kooni."

Hayakuwa maneno ya kupuuza. Mwaka juzi Pelagia alikwenda msibani Ulyankulu siku tatu, na Bibi akafunga mdomo siku zote tatu. Pelagia alimkuta amelala amegeukia ukuta, midomo imepasuka, na Recheli analia na bakuli la uji mkononi. Tangu siku hiyo alijiona amefungwa mguu kwenye jiko.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Pelagia akaamua kulitia maji kwa makusudi. Akichukia mkono wangu, aliwaza, atajua hauna tofauti na wa Recheli, na ataniachia. Akachemsha viazi siku ile ile vilipotoka shambani. Vipande akavifunika vikiwa na majimaji mpaka vikaanza kuchacha, kisha akavianika hivyo hivyo. Kwa mtu wa kazi yake ilikuwa kama kujitukana. Vilipokauka alionja kimoja. Kilikuwa kichungu, kina harufu ya kitambaa kilicholala majini. Akakitema.

Asubuhi akaviweka kwenye sahani, akampelekea Bibi na chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi akatafuna cha kwanza. Akatafuna cha pili. Akachukua cha tatu, akakichovya kwenye chai, akafumba macho.

"Matamu," alisema. "Kama siku zote."

Pelagia aliisogelea sahani. "Mama, hayana uchungu hayo?"

Taya la Bibi likasimama. Alitazama sahani, kisha akamtazama mkwewe, akaelewa. Alikuwa mzee, si mjinga.

"Tangu ile homa ya mwaka juzi, ulimi wangu umekufa," alisema. "Nakula majivu tu."

"Sasa chakula cha Recheli ulikikataa kwa nini?"

"Sikususia chakula. Nilisusia safari yako." Akaushika upindo wa kanga ya Pelagia. "Mabinti zangu wanne waliaga hivyo hivyo, naenda kumwuguza fulani, nitarudi. Walirudi kumzika baba yao, wakaondoka tena."

Pelagia alichemka kwa hasira. Miaka miwili ya kuamka alfajiri akigeuza viazi juani, kwa ajili ya ulimi uliokufa! Alitaka kuuvuta upindo wake, aseme naenda, ufe ukitaka. Aliyasema yote moyoni. Lakini vidole vile vilikuwa vyepesi mno. Angevibandua kwa nguvu gani?

Treni ya kwenda Dar ilipopita, Magreth, mfanyabiashara jirani, alipanda na ndoo ya matobolwa mazuri ya kumshushia Julieth Morogoro. Pelagia alibaki kwenye tuta la stesheni mpaka behewa la mwisho likapotea, kisha akarudi kuwasha moto.

Wiki tatu baadaye simu iliita. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, mzima. Jirani wa huko Morogoro ndiye aliyemshika Julieth mkono.

"Ndoo ilifika, mama," Julieth alisema. "Wewe utakuja lini?"

Pelagia alitazama nyuma ya nyumba. Viazi vilikwisha wiki iliyopita, na jiwe lilikuwa tupu, limefagiliwa safi. Ndani, Bibi alikuwa akimwita.

"Yakikauka nitakuja," alisema.